Misitu ya Ufipa: Chuma, Mizimu na Viumbe Waliosalia

Mtu asafiriye kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga hushangazwa na jambo moja kabla ya mengine yote. Barabara hutoka katika nchi ya miombo, ikapita Laela, na kadiri nchi inavyoinuka ndivyo miti inavyopungua, hata mwishowe msafiri hujikuta katikati ya vilima vya nyasi vinavyofuatana mpaka upeo wa macho. Huko yapo mashamba ya mahindi na maharage, wapo ng'ombe, na upo upepo usiokoma. Uwanda huu wa juu wa Ufipa umeinuka baina ya Ziwa Tanganyika lililo magharibi na bonde la Ziwa Rukwa lililo mashariki. Sehemu zake nyingi hukaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika milima ya Mbizi, karibu na mji wa Sumbawanga, vilele hupita mita 2,400. Mvua si haba. Udongo nao haukatai miti, kwani mikaratusi iliyopandwa kandokando ya misheni na shule imekua mirefu na minene. Basi miti ya asili ilikwenda wapi, na viumbe waliokaa ndani yake wako wapi?

Swali hilo si la wataalamu wa mimea na wanyama peke yao. Ni swali la historia ya watu wetu, maana katika Ufipa habari za msitu haziwezi kutenganishwa na habari za tanuri, jembe, utawala na imani. Tunapozungumza juu ya kutoweka kwa viumbe, mara nyingi tunafikiria mnyama mmoja mashuhuri aliyemalizwa duniani kote na ambaye picha yake imo vitabuni. Lakini kuna kutoweka kwa namna nyingine, kusiko na makelele, ambako kiumbe hukoma katika nchi fulani huku akiendelea kuishi kwingine, na watoto wa nchi ile hukua wasimjue. Makala haya yanahusu kutoweka kwa namna hiyo.

Masimulizi ya Wafipa huanzia Milansi, karibu na mlima Itwelele. Hapo alitawala Ntatakwa, ambaye husemwa kuwa alishuka kutoka mbinguni. Siku moja mtawala wa Milansi alikuwa amekwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake wageni, Watwa, wakapokewa na mkewe, wakakaa mahali ambapo mgeni hakustahili kukaa, kisha wakapanda mlimani na kuitwaa nchi iliyoonekana kutoka huko juu. Mtawala aliporudi alikuta nchi si yake tena. Aliachiwa Milansi na mlima wake pamoja na heshima ya kuwa wa kwanza, na utawala ukaenda kwa uzao wa wageni wale, ambao baadaye uligawanyika kuwa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Wanahistoria wamelichambua simulizi hili kwa ajili ya siasa iliyomo ndani yake. Sisi tungependa msomaji aangalie pia jambo dogo lililo pembeni, nalo ni kwamba ufalme ulipotea wakati mtawala yuko porini akifuata nyama. Simulizi hilo linatuonyesha Ufipa yenye mawindo ya kutosha kumchukua mtawala mbali na kwake kwa siku kadhaa.

Milansi vilevile huhusishwa na uhunzi, na hapa ndipo habari ya miti inapoanza kueleweka. Wafipa walikuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa chuma katika Afrika ya Mashariki. Tanuri lao, liitwalo ilungu, na kwa wingi malungu, lilikuwa mnara wa udongo wenye urefu wa mita tatu hivi. Mara nyingi lilijengwa karibu na kichuguu, kwa kuwa udongo wa kichuguu ni mzuri kwa kazi hiyo. Chini yake liliachiwa matundu kuzunguka pande zote. Halikuvuviwa kwa mivukuto. Lilivuta hewa lenyewe kama bomba la moshi livutavyo, na kwa hiyo liliwaka kwa siku kadhaa bila kupumzishwa. Ndani yake mafundi walipanga mkaa na mawe yenye chuma, tabaka juu ya tabaka. Kilichotoka hakikuwa bado chuma safi. Kilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililovuviwa kwa mivukuto, na baada ya hapo tu mhunzi aliweza kufua jembe, shoka au mkuki.

Kazi hii ilizungukwa na miiko. Tanuri lilihesabiwa kama bibi arusi, likapambwa na kupewa dawa, na mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi imalizike. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya uyeyushaji huu mwaka 1937, wakati ambapo sanaa yenyewe ilikuwa inakufa kwa sababu majembe ya viwanda vya Ulaya yalikuwa yamejaa madukani. Baadaye mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda alifanya uchunguzi wa miaka mingi Ufipa na kuandika kitabu kizima juu ya uhunzi huo. Magofu ya malungu bado yamesimama katika sehemu kadhaa za Nkasi na Sumbawanga, na marundo ya mavi ya chuma yaliyolala kando yake yanaonyesha kwamba kazi haikuwa ya siku moja wala ya kijiji kimoja.

Sasa, tanuri linalovuta hewa lenyewe hupunguza jasho la mafundi, lakini huongeza mkaa. Hilo ndilo lililowafanya baadhi ya watu kusema kwamba ni Wafipa wenyewe walioimaliza misitu yao kwa ajili ya majembe. Sisi hatukubali neno hilo likisemwa kwa ufupi namna hiyo. Ni kweli kwamba miti mingi iliingia matanurini, na mti wa mkaa wa chuma haukuwa mti wowote tu, bali mti mgumu, uchukuao miaka mingi kukua. Lakini mahali palipokatwa miti huota tena pakiachwa. Haviwezi kuota pale ambapo kila kiangazi nyasi huchomwa moto ili majani mapya ya ng'ombe yachipue, na pale ambapo jembe hufuata shoka. Tena nyanda za juu kama hizi zilikuwa na nyasi zake za asili tangu kale, kabla ya mtu yeyote kuwasha tanuri, hasa migongoni mwa vilima ambako upepo ni mkali. Kilichofanywa na watu ni kuzipanua nyasi hizo na kuusukuma msitu mpaka ukabaki mabondeni na katika mikunjo ya milima.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ni kilimo chenyewe. Majirani wa Wafipa kwa upande wa kusini walilima kwa kukata matawi ya miti, kuyakusanya na kuyachoma, kisha kupanda katika majivu. Kilimo hicho hakiwezekani pasipo miti. Wafipa walikuwa na intumba. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hulifyeka na kulipindua tabaka la juu pamoja na nyasi zake, akayakusanya yote kuwa tuta la mviringo, nyasi zikiwa ndani na udongo juu. Nyasi huoza humo na kuwa mbolea. Mikunde huweza kupandwa juu ya tuta, na msimu ufuatao tuta huvunjwa, udongo ukasambazwa, ukapandwa ulezi au mahindi. Ni maarifa ya hali ya juu, na mabwana shamba wa kikoloni waliokuja kufundisha walijikuta wakiandika maelezo ya yale waliyoyakuta. Lakini tuyatazame pia kwa jicho la historia. Intumba ni kilimo cha watu waliokwisha kuzoea kuishi bila msitu, wakajifunza kulirutubisha shamba kwa kile kilichosalia. Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880, wakati Mwene Kapufi akitawala Nkansi, aliisifu kazi ya watu hawa shambani kuliko ya makabila mengine aliyoyaona.

Je, kulikuwa na kitu chochote kilichouzuia mkono wa mtu? Kilikuwapo. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyekaa kati ya Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ameeleza kwamba katika fikra zao kijiji na pori vilitazamana kama pande mbili. Kijiji ni mahali pa akili, mazungumzo na utaratibu. Pori ni nguvu isiyofugwa ambayo mtu huishinda kidogo kidogo. Fikra hiyo haina huruma kubwa kwa pori, na ni vizuri tuseme hivyo waziwazi, kwa sababu siku hizi kuna tabia ya kuwapamba mababu zetu kana kwamba kila mmoja wao alikuwa mlinzi wa wanyama. Hata hivyo pori lilikuwa na wenyewe. Mizimu ya nchi ilikaa katika milima, maji na vichaka maalumu, na ilikuwa na watunzaji wake. Mnyama wake alikuwa chatu. Chatu akiingia kijijini hakupigwa. Alipokewa kwa heshima, watunzaji wakaitwa, akapewa kitambaa na chakula kama mgeni aliyekuja kutoka kwa mizimu yenyewe. Katika kichaka cha mizimu haikuruhusiwa kukata miti ovyo, na kwa hiyo vipande vya msitu vilisalia katikati ya mashamba, si kwa sababu watu walihesabu aina za ndege na vyura waliomo, bali kwa sababu waliogopa kumkosea mwenye mahali.

Hofu hiyo ilitosha kwa kichaka, lakini haikumtosha tembo. Biashara ya karne ya 19 ilipofika katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, pembe za ndovu zilipata bei ambayo mila ya nchi haikuwahi kuikadiria. Misafara ilikuja na bunduki, baruti na nguo. Katika bonde la Rukwa na Lyangalile alizuka Kimalaunga, mtu wa vita aliyetoka mbali na kuishi kwa bunduki, ambaye jina lake lilikumbukwa muda mrefu kwa maovu yake. Pamoja na watumwa, tembo ndio waliolipia biashara hiyo, na tangu wakati ule uwanda wa juu haukuwa tena nchi ya tembo. Waliobaki walikuwa bondeni.

Kisha likaja pigo ambalo hakuna mtu wa Ufipa aliyelitaka. Sotoka, iliyoingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka ng'ambo, ilishuka kusini na kufika katika ukanda ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa mwaka 1892. Iliua ng'ombe, nyati, pofu na twiga. Tunalitaja hapa kwa sababu ni mfano ulio wazi wa jinsi mtu anavyoweza kuangamiza wanyama wa nchi asiyoijua kwa kusafirisha tu mifugo yake. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011, yaani baada ya zaidi ya karne moja.

Serikali ya Wajerumani ilitoa sheria ya uwindaji mwaka 1896, chini ya Gavana Hermann von Wissmann, ikatenga maeneo ya hifadhi na kudai leseni. Kwa karatasi ilikuwa hatua ya kuwalinda wanyama. Kwa Mfipa au Mwungu wa bondeni maana yake ilikuwa kwamba mkuki wa baba yake umekuwa kosa la jinai, na mgeni mwenye fedha ya leseni amepewa haki aliyonyang'anywa yeye. Tunadhani ndipo ulipoanza utengano kati ya mwananchi na mnyama, na tumeurithi. Mnyama akawa wa serikali. Mali ya serikali ya kigeni haikuwa na haya kuibiwa.

Bonde la Rukwa lina kisa kingine cha kuangaliwa. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu waliikumba sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Ikweta, nao walikuwa wametokea katika mazalio machache, mojawapo likiwa nyanda za nyasi za Rukwa. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake yakiwa Abercorn, ambayo ndiyo Mbala ya leo nchini Zambia. Kwa miaka mingi silaha yake ilikuwa sumu iliyonyunyizwa kutoka angani. Wananchi waliookolewa na njaa hawakuwa na sababu ya kulalamika, lakini sumu haichagui mdudu. Mlipuko wa mwaka 2009 ulikabiliwa, hapo Rukwa pamoja na mazalio mengine, kwa kutumia kuvu anayewaua nzige bila kuwadhuru viumbe wengi wengine. Na hayo ni maendeleo ya kweli.

Shirika lile lile la nzige lilimwajiri Desmond Vesey-FitzGerald, mtu aliyezitazama nyasi za Rukwa kwa uvumilivu mkubwa. Mwaka 1960 alichapisha maelezo ya jinsi wanyama wa bonde wanavyopokezana malisho. Tembo na nyati huingia kwanza katika nyasi ndefu, wakazila na kuzikanyaga. Nyasi fupi zinazochipua baadaye ndizo zinazowafaa nyamera na sheshe, ambao peke yao wasingeweza kuzifungua nyasi zile. Msomaji akilifikiria jambo hilo ataona kwamba pembe iliyouzwa Kirando au Ujiji ilikuwa na gharama ambayo hakuna mfanyabiashara aliyeiandika. Ziwa lilipofurika katika miaka ya 1960 na kuzifunika nyanda, na ujangili ukaendelea nchi kavu, sheshe wa Rukwa walipungua mno. Nao tembo wa nchi nzima, waliokadiriwa kuwa zaidi ya 109,000 mwaka 2009, walikuwa kiasi cha 43,000 mwaka 2014. Katika miaka mitano ya nchi iliyo huru, yenye sheria na askari, ilitendeka kazi ambayo misafara ya kale ingeihitaji muda mrefu zaidi.

Turudi uwandani. Mwaka 1963 madaraka ya watemi yalifutwa kisheria nchini Tanganyika, na Mwene wa Nkansi na wa Lyangalile wakawa raia kama wengine. Hatusemi kwamba lilikuwa kosa. Umoja wa taifa ulilihitaji. Isitoshe, watunzaji wa mizimu hawakuwa watemi. Lakini heshima ya mtemi na ya mtunzaji zilikuwa zimeegemeana, na dini mpya, ambayo Mapadri Weupe walianza kuifundisha kutoka Karema tangu mwaka 1885, ilikuwa imekwisha kulegeza upande mmoja. Jina lenyewe la Sumbawanga hufasiriwa na wengi kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Pamoja na uchawi vilitupwa na vitu vingine ambavyo havikuwa uchawi, na mwiko wa kichaka ulikuwa mmojawapo.

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, mwaka ule ule wa Operesheni Vijiji. Watu walikusanywa, na mashamba na kuni vikaanza kutafutwa kuuzunguka mji au kijiji kimoja badala ya kutawanyika. Miaka michache baadaye Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi ambayo taifa liliitegemea kwa chakula. Plau la ng'ombe na mbolea ya chumvichumvi vilipanua mashamba hadi kwenye miteremko. Mkoa huo, baada ya Katavi kutengwa mwaka 2012, ulikuwa na watu 1,004,539 katika sensa ya mwaka ule, na 1,540,519 katika sensa ya mwaka 2022. Watu hao wanapika kila siku. Magunia ya mkaa huingia Sumbawanga kutoka katika miombo ya miteremko na ya mabonde, na sisi tuandikao makala haya tumekula vyakula vilivyopikwa kwa mkaa huo. Kwa hiyo hatunyooshi kidole kwa mchoma mkaa peke yake.

Kilichosalia cha msitu wa mlimani kiko Mbizi na katika vipande vingine vidogo vya uwanda. Kutoka Mbizi hutiririka vijito vinavyoutegemeza mji wa Sumbawanga na vingine vinavyoshuka kwenda Rukwa, na kwa sababu hiyo hata mtu asiyejali wanyama anayo sababu ya kuutazama msitu huo. Ndani yake wanaishi mbega wekundu wa aina ile ile inayopatikana Gombe, Mahale na katika msitu wa Kibale nchini Uganda. Sensa yao katika misitu ya Mbizi na Mbuzi, iliyochapishwa mwaka 2007, ilitoa onyo kwamba wako ukingoni mwa kutoweka Ufipa. Mwaka huo huo wanasayansi walimtangaza panya wa Mbizi ambaye alikuwa hajawahi kuelezwa katika elimu, wakampa jina la Sabuni, mtafiti wa Kitanzania wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Panya huyo anajulikana kutoka milima hiyo tu. Mbega wakimalizwa Ufipa, wenzao watasalia Mahale. Panya huyu hana pa kusalia.

Miti inapandwa, na ni haki kulisema hilo. Katika miaka ya karibuni misindano imepandwa kwa wingi katika eneo la Mbizi, nayo italeta mbao na fedha. Lakini shamba la misindano si msitu, kama vile ghala la mahindi lisivyo shamba, na likipandwa juu ya nyasi za asili huziondoa nyasi hizo. Nyasi nazo zina wakazi. Katika Nyanda za Juu Kusini huota okidi ambazo viazi vyake huchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa kuwa chikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mimea inayochimbwa kwa mwaka ilifikia mamilioni. Aliyezoea kuuona uwanda wa Ufipa kama nchi tupu inayosubiri kujazwa miti hawezi kuiona hasara hiyo.

Mbega mwekundu hula majani, hulala mtini, na hashuki chini ila kwa shida. Kati ya Mbizi na Mbuzi kuna vilima vya nyasi na mashamba, na kila mwaka mvua zinapokaribia kwisha wakulima hutengeneza huko matuta yao ya intumba, kama walivyofundishwa na wazee wao. Kwa mtu ni mwendo wa kawaida wa miguu. Mbega wa msitu mmoja hawafiki katika msitu wa pili.